Kwa nini malalamiko dhidi ya wanasaikolojia mengi yanaishia kwenye "ushahidi hautoshi"?

#1 Mama Pacha
Wakuu habari zenu. Hili jambo limenikaa kooni karibu miaka miwili, naomba mnisome mpaka mwisho ndo mnijibu.

Mimi na aliyekuwa mume wangu tulienda kwa mwanasaikolojia kwa ajili ya ndoa yetu. Vikao sita, tunaingia wote, tunatoka wote. Ndoa ikavunjika, hilo simlaumu mtu, linatokea. Kilichonimaliza ni kwenye shauri la watoto, wakili wa upande wa pili akatoa barua ya mwanasaikolojia yule yule, ukurasa mmoja na nusu, inasema mama "hana utulivu wa kihisia" na watoto watakuwa salama zaidi wakikaa na baba. Watoto wangu huyo mtu hajawahi kuwaona hata kwa picha. Mimi hajawahi kunipima chochote, alichonacho ni yale niliyolia mbele yake nikiamini yanabaki mule ndani.

Nikalalamika kwenye bodi yao, kurasa kumi na moja, nimeandika kwa mkono wangu usiku watoto wakiwa wamelala. Miezi minane baadaye nikaletewa jibu la mistari mitano, wamepitia, ushahidi hautoshi kuonyesha maadili yamekiukwa, shauri limefungwa.

Nasema wazi nipingwe anayetaka: hawa watu wanalindana. Bodi imejaa wanasaikolojia, unaenda kumshtaki mwanasaikolojia kwa wanasaikolojia, kesi ya nyani umempelekea ngedere.

#2 kiti_cha_kona
Pole sana dada. Nakazia. Wa kwangu alikuwa anajibu meseji huku mimi naongea, simu ameificha chini ya daftari anadhani sioni. Siku namweleza kifo cha mama yangu simu ikaita, akapokea. Nikalalamika, nikajibiwa kwamba ni "suala la ubora wa huduma" na sio la maadili. Mpaka leo sijaelewa mpaka wa hivyo vitu viwili uko wapi.

#3 Mtazamaji2
Mama Pacha pole, ila naomba nikupinge kidogo. Hiyo barua si aliomba mume? Na mume alikuwa mteja pia. Mteja akiomba barua, mtaalamu anaweza kukataa? Sijasema alichoandika ni sahihi, nasema tu bodi pengine iliona mteja kaomba na mtaalamu kampa.

#4 Mama Pacha
@Mtazamaji2 mume ni mteja sawa, na mimi je? Nilikuwa samani ya ofisi?

#5 Chumba Kimya
Salaam. Mimi ni mwanasaikolojia, mwaka wa kumi na nne kazini, nimesita kuandika ila hii siwezi kuipita.

Swali la mleta mada kwenye #4 ndo lenyewe hasa. Kwenye tiba ya wanandoa mteja ni nani? Mume, mke, au ndoa? Miongozo ya maadili ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, ambayo vyama vingi duniani vimeiangalia wakati wa kuandika ya kwao, inamtaka mtaalamu aliseme hilo siku ya kwanza kabisa: nani kati yenu ni mteja, na taarifa za kila mmoja zitatumikaje. Na inasema ikionekana kazi zinagongana, kwa mfano ulikuwa mtibabu wa familia halafu unaitwa kuwa shahidi wa upande mmoja kwenye talaka, basi uweke wazi au ujitoe. Hawakulitoa hewani, wameliandika hilo la talaka kama mfano.

La pili, kutoa maoni juu ya mtu ambaye hujamfanyia tathmini ya kutosha. Kutibu ni kazi moja na kutathmini kwa ajili ya mahakama ni kazi nyingine. Anayetibu amekaa upande wako kwa makusudi, anakusikiliza bila kuhakiki, ndo kazi yake. Anayetathmini anahakiki, anaongea na wazazi wote, anawaona watoto, anapiga simu shuleni. Huwezi kuchukua machozi ya chumba cha tiba ukayageuza kuwa ripoti ya malezi.

Kwa hiyo Mama Pacha, kwa ulivyoeleza, una hoja. Ila sikubaliani kwamba sababu ni kulindana. Mashauri ya malezi ya watoto baada ya talaka ni kati ya maeneo yanayoleta malalamiko mengi zaidi dhidi ya wanasaikolojia kuliko mengine, kwa sababu kila mara kuna mzazi mmoja ameshindwa na ana hasira. Bodi zimeyazoea, zikiona neno "malezi" zinadhani ni yale yale. Ni uzembe, lakini uzembe na njama ni vitu viwili.

#6 kiti_cha_kona
@Chumba Kimya kwa anayeumia uzembe na njama vina tofauti gani?

#7 Sheria Kichwani
Naongeza upande wa sheria. Tatizo kubwa ni chumba chenyewe. Watu wawili, mlango umefungwa, hakuna shahidi, na hakuna anayetakiwa kuwepo maana usiri ndo msingi wa tiba. Baadaye mmoja anasema alisema hivi, mwingine anasema sikusema. Sasa bodi inapima kwa nini? Na kipimo kinatofautiana. Uingereza, HCPC wanaosimamia wanasaikolojia wa kliniki na wenzao wanaangalia upande upi una uzito zaidi, kama kesi za madai. California ili kumnyang'anya mtu leseni ya kitaaluma wanataka ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha, kiwango kiko juu zaidi ya hapo ingawa hakifiki kile cha kesi ya jinai. Lalamiko lile lile linaweza kupita sehemu moja na kufa sehemu nyingine na hakuna aliyemlinda mtu.

Na Mama Pacha, samahani kwa hili, kurasa kumi na moja ni nyingi mno. Wewe uliandika namna ulivyoumia. Yule anayesoma anatafuta kifungu. Angepata ukurasa mmoja unaosema tarehe fulani, barua hii hapa, hakunitathmini, hakuwaona watoto, hakuomba ridhaa yangu, ingekuwa ngumu sana kulifunga.

#8 Mama Pacha
@Sheria Kichwani nakubali nusu. Barua niliambatanisha. Hiyo barua si ndo ushahidi? Kuna siri gani ya chumbani hapo, karatasi ina saini yake!

#9 Sheria Kichwani
Hapo umenishika. Ikiwa barua ilikuwepo kwenye jalada basi hoja yangu ya chumba haikuhusu wewe. Inawahusu wengine.

#10 bint_wa_zamani
Inanihusu mimi.

Sijawahi kuandika hili popote. Nilikuwa na miaka 23, nimepoteza mdogo wangu, nikaenda kwa mwanasaikolojia anayesifiwa na kila mtu. Kiti chake kilikuwa na magurudumu. Mwezi wa kwanza kiko upande wa pili wa meza. Mwezi wa pili kiko pembeni ya meza. Mwezi wa tatu magoti yetu yanakaribia kugusana, na hakuna siku hata moja niliyomuona akikisogeza, kila nikiingia nakikuta pale kilipo. Halafu zikaanza meseji, "umefika salama?" saa tano usiku wakati kikao kilikuwa asubuhi. Halafu kukumbatiana mwisho wa kikao, akasema ni sehemu ya tiba kwa mtu mwenye msiba. Nilipomwambia sijisikii vizuri akasema hiyo hofu yangu ya kuguswa ndo kitu tunachotakiwa kukifanyia kazi.

Niliacha. Sikulalamika. Sio kwamba sikujua bodi ilipo. Nilipopiga simu kuuliza, dada wa mapokezi akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikilalamika nitatakiwa kusaini fomu ya kuruhusu faili langu lifunguliwe. Mle ndani kuna kila kitu changu. Yule mtu ndo aliyeliandika. Nikakata simu.

#11 kiti_cha_kona
Dah. Pole mno dada. Hicho kiti nitakikumbuka.

#12 Mzee wa Notsi
@bint_wa_zamani pole sana na asante kwa kutuamini. Naomba nikwambie kitu kimoja, hiyo sio sehemu ya tiba popote duniani. Mwaka 1975 kule New York mwanamke aitwaye Julie Roy alimpeleka mahakamani mwanasaikolojia wake Renatus Hartogs, ambaye alifanya naye ngono na kumwambia ndo matibabu. Mahakama ikampa ushindi mwanamke. Mpaka wakati huo watu wengi walikuwa wanalichukulia kama jambo la faragha la watu wazima wawili.

#13 Chumba Kimya
Marekebisho @Mzee wa Notsi: Hartogs alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, sio mwanasaikolojia. Najua kwa mteja anaona ni mule mule, lakini kwenye malalamiko tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu daktari analalamikiwa kwenye baraza la madaktari. Nimeona watu wamepoteza mwaka mzima kwa kugonga mlango ambao sio.

Na @bint_wa_zamani, hayo ya mwisho uliyoambiwa, kwamba kukataa kwako ndo ugonjwa wenyewe, kwangu ni mabaya kuliko kiti na meseji. Alichukua lugha ya taaluma akaigeuza mtego.

#14 Mzee wa Notsi
Asante kwa sahihisho mkuu. Nimekosea.

#15 Mtazamaji2
Swali la dhati, je wakishamaliza tiba? Watu wazima, hakuna tena vikao, wakakutana wakapendana?

#16 Sheria Kichwani
Kwa APA ngono ni marufuku kabisa na mteja wa sasa, na baada ya tiba kuisha ni marufuku kwa angalau miaka 2. Hata baada ya hiyo miaka 2 sio ruhusa ya wazi, mtaalamu ndo anabeba mzigo wa kuonyesha kwamba hakuna unyonyaji. Sehemu nyingine wamekwenda mbali zaidi, California mtibabu kufanya ngono na mteja ni kosa la jinai, na ukimwambia mtibabu wako mpya kwamba yule wa zamani alifanya hivyo, sheria inamtaka akupe kijitabu cha serikali kinachoeleza haki zako na namna ya kulalamika. Hata kile kiapo cha kale cha madaktari, cha Hippocrates, kinamkataza mganga kutumia nyumba ya mgonjwa kwa ajili ya ngono. Watu wamelijua hili zamani sana.

#17 Mzee wa Notsi
Wamelijua na wamelifanya. Carl Jung mwenyewe, yule daktari maarufu wa akili wa Uswisi, na mgonjwa wake Sabina Spielrein, 1904 alilazwa hospitali aliyokuwa anafanya kazi Jung, baadaye wakawa wapenzi.

#18 Chumba Kimya
Mzee leo umeamka na historia. Uhusiano wa karibu ulikuwepo, barua zao zinaonyesha, lakini kama ulifika kimwili wanahistoria bado wanabishana. Na tusimwache Spielrein kama "mgonjwa wa Jung" tu, alisoma udaktari akawa mchambuzi wa nafsi kwa haki yake.

#19 Mzee wa Notsi
Mkuu nikiandika mstari wewe una mstari wa kusahihisha, hata hapa unaendesha kikao 😄 Nimepokea.

#20 Fikra Huru
Samahani naleta upande usiopendwa. Mmesahau kwamba kuna malalamiko ya uongo, na kuna ambayo sio uongo lakini sio kweli pia. Kwenye tiba kuna kitu kinaitwa uhamisho wa hisia, mteja anamchukulia mtibabu kama baba yake au mume wake, anaweza kuona kukataliwa au kutongozwa ambako hakupo. Mtibabu akiweka mpaka mteja anaona ametupwa, kesho yake lalamiko. Bodi zinajua hili ndo maana ziko makini.

#21 kiti_cha_kona
Ile simu chini ya daftari ilikuwa uhamisho wa hisia?

#22 Fikra Huru
Sijasema wewe mkuu.

#23 bint_wa_zamani
@Fikra Huru sijakasirika, ila fikiria unachosema. Kila mteja anayelalamika kuna neno tayari la kumweleza kwa nini lalamiko lake ni dalili. Nikilia ni dalili, nikinyamaza ni dalili, nikilalamika ni dalili. Nitasimama wapi ili nionekane shahidi?

#24 Chumba Kimya
Naungana na bint hapo. Tulifundishwa uhamisho wa hisia ili uongeze wajibu wa mtibabu. Unajua mteja anaweza kukupenda au kukuogopa kwa nguvu isiyo ya kawaida, kwa hiyo wewe ndo unayetakiwa kuchunga zaidi. Kuutumia kama ngao ni kuugeuza kichwa chini.

Ila Fikra Huru yuko sahihi kwenye kimoja, mimi mwenyewe niliwahi kulalamikiwa. Nikiwa mwaka wa sita kazini mama mmoja alisema nimempandikizia binti yake chuki dhidi yake. Miezi kumi na minne. Nilikuwa naamka saa tisa usiku nafungua notsi zangu nasoma upya kila sentensi, nikitafuta mahali nilipoharibu. Nikasafishwa. Lakini wakati najibu niligundua notsi za vikao viwili sikuziandika siku hiyo, niliziandika wiki iliyofuata kwa kumbukumbu. Hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kuandika chochote. Hilo linanisumbua mpaka leo kuliko lalamiko lenyewe.

#25 Mama Pacha
@Chumba Kimya hapo umesema kitu kikubwa bila kukizungusha. Kumbe kumbukumbu yote ya kilichotokea anaitunza mtuhumiwa.

#26 Sheria Kichwani
Ndo nilichotaka kusema kule juu nikazunguka. Kwenye kesi nyingine kuna kamera, risiti, majirani. Hapa hati ni moja na ameiandika anayeshtakiwa, wakati mwingine baada ya kujua atashtakiwa. Ndo maana nawaambia watu ombeni nakala ya faili KABLA hamjalalamika. Nchi nyingi mteja ana haki ya kuona kumbukumbu zake au angalau muhtasari, ingawa yako mazingira wanaweza kukunyima sehemu.

#27 Fikra Huru
Nakubali la faili. Ila hilo la huyo mama wa binti linanikumbusha kesi ya Ramona, California, 1994. Gary Ramona alituhumiwa na bintiye kwamba alimnajisi utotoni, kumbukumbu ambazo ziliibuka wakati binti anatibiwa. Baba akawashtaki watibabu na baraza la raia waamuzi (jury) likampa dola 500,000. Sasa hapo aliyelalamika hakuwa mteja hata kidogo, na mteja mwenyewe alikuwa upande wa watibabu wake. Mnaona ugumu? Mnasema mteja asikilizwe, mteja yupi na nani mwingine?

#28 Mzee wa Notsi
Na Elizabeth Loftus alitoa ushahidi kwenye kesi ile, mwanasaikolojia wa kumbukumbu, anajulikana kwa utafiti wa kuonyesha unaweza kumfanya mtu mzima aamini alipotea dukani akiwa mtoto wakati haikutokea. Hii nina uhakika nayo mkuu Chumba Kimya, usinisahihishe.

#29 Chumba Kimya
Iko sawa. Naongeza tu kwamba walioshtakiwa mle mmoja alikuwa mshauri wa familia na mwingine daktari wa akili 😊

#30 Pita Hapa
Nimesoma uzi wote nikiwa safarini, hamjagusa la msingi. Wengi wanaoitwa wanasaikolojia sio wanasaikolojia. Dada yangu alitibiwa miezi saba na mtu mwenye kadi imeandikwa "mwanasaikolojia na kocha wa maisha". Akalipa fedha za miezi mitatu mbele, jamaa akaacha kupokea simu. Kwenda bodi, wakatafuta jina kwenye rejista, halipo. Wakasema hatuwezi kumfutia leseni mtu asiye na leseni, nendeni polisi. Polisi wakasema hili ni la bodi.

#31 Sheria Kichwani
Sahihi kabisa, na hata nchi zenye sheria nzuri zina tundu hapo. Uingereza wanasaikolojia waliingia kwenye usajili wa lazima mwaka 2009, lakini kinacholindwa ni majina kama mwanasaikolojia wa kliniki, wa elimu, wa ushauri, wa mahakama na mengine machache. Neno "mwanasaikolojia" peke yake halilindwi, yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Australia wao wamelilinda neno lenyewe. Kenya wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, Afrika Kusini kuna bodi ya saikolojia chini ya baraza la taaluma za afya, HPCSA. Kwa hiyo kabla hujakaa kwenye kiti cha mtu tafuta jina lake kwenye rejista, ni dakika tano.

#32 Pita Hapa
Dakika tano ambazo mtu aliyevunjika moyo hana mkuu. Dada yangu alikuwa hawezi hata kuoga.

#33 Mtazamaji2
Narudi kwa mleta mada kwamba wanalindana. Si ilishathibitika? APA yenyewe 2015, ripoti ya Hoffman, wakubwa wa chama walishirikiana na Wizara ya Ulinzi ya Marekani kulegeza miongozo ya maadili ili wanasaikolojia waendelee kushiriki kwenye mahojiano ya wafungwa. Na ripoti ikakosoa jinsi malalamiko dhidi ya wahusika yalivyoshughulikiwa. Mama Pacha una ushahidi mkubwa kuliko unavyojua.

#34 Chumba Kimya
Ripoti ipo, wakili David Hoffman, na mwezi Agosti mwaka huo huo baraza la chama likapiga kura kuzuia wanasaikolojia kushiriki mahojiano ya usalama wa taifa. Baadhi ya waliotajwa wameipinga mahakamani. Lakini tusichanganye: APA ni chama, haitoi leseni. Inaweza kukufukuza uanachama na kesho ukafungua ofisi kama kawaida. Leseni kule Marekani iko kwenye bodi ya jimbo. Kwa hiyo ile ni aibu ya chama kikubwa cha taaluma yangu, naikubali, ila haijibu kwa nini bodi ya Mama Pacha ilifunga jalada lake.

#35 Mtazamaji2
Haijibu ila inaonyesha tabia.

#36 Ukimya Haulipi
Mimi niliyemaliza masomo juzi natetemeka kusoma huu uzi. Swali: tulifundishwa usiri hauvunjwi kamwe. Sasa mteja akiniambia anataka kumuua mtu, nikinyamaza nalalamikiwa na nikisema nalalamikiwa?

#37 Mzee wa Notsi
Mdogo wangu "kamwe" uifute. Kuna kesi ya Tarasoff. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Prosenjit Poddar alimwambia mwanasaikolojia wake ana nia ya kumuua msichana. Mwanasaikolojia akawaarifu polisi wa chuo, wakamshika, wakamhoji, wakamwachia. Msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, hakuambiwa na mtu yeyote. Akauawa. Wazazi wakashtaki na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikasema mtibabu ana wajibu wa kuchukua hatua za maana kumlinda aliye hatarini.

#38 Sheria Kichwani
Na sio kila nchi imefuata hivyo, kuna wanaosema ni wajibu na kuna wanaosema ni ruhusa tu. Jua ya kwako, na umwambie mteja siku ya kwanza usiri unaishia wapi. Malalamiko mengi ya kuvuna siri ni kwamba mteja hakuambiwa mpaka uko wapi, akaukuta njiani.

#39 Sheria Kichwani
*kuvunja siri, vidole.

#40 Mama Pacha
Wakuu nimerudi. Nilifuata ushauri wa #26. Nikaandika barua fupi, mistari sita, kuomba nakala ya faili letu. Nilidhani watakataa. Jana nimepewa kurasa tisa.

Fomu ya ridhaa ya siku ya kwanza ipo, nimeiona saini yangu na ya mume. Mahali pameandikwa "mteja" kuna majina yetu yote mawili, kwa mwandiko wa yule mwanasaikolojia. Kipengele cha kutoa taarifa kwa mtu mwingine kinasema saini za wote wawili zinahitajika. Notsi za vikao sita ziko fupi fupi, mistari minne mitano, na nimezisoma mara tatu, hakuna mahali popote neno utulivu limeandikwa, wala watoto hawajatajwa isipokuwa kikao cha pili "wana mapacha wa miaka 4". Halafu kuna kikao cha saba. Mimi sikuwepo. Mume peke yake. Tarehe yake ni siku tatu kabla ya tarehe ya ile barua.

Mikono ilikuwa inatetemeka nilipoiona.

#41 kiti_cha_kona
Kikao cha saba!!

#42 Sheria Kichwani
Usiandike kurasa kumi na moja tena. Fomu, kikao cha saba, barua. Vitatu tu. Angalia kwanza kama bodi yako inaruhusu marejeo na kuna ukomo wa siku ngapi, na kama ulipewa mistari mitano bila sababu, dai sababu kwa maandishi.

#43 Chumba Kimya
Dada, kwa fomu hiyo ningeshtuka kama wangelifunga tena. Ila nisiwe mwongo kwako, mwenzangu anaweza kujitetea kwamba kikao cha saba kilikuwa mwanzo wa tiba binafsi ya mume, mteja mpya, faili jipya. Ni utetezi dhaifu kwa sababu kakiweka kwenye faili lenu, lakini jiandae nao.

#44 Fikra Huru
Hata mimi hapa sina la kutetea. Ila bado nashikilia la kwangu kwa ujumla.

#45 Mama Pacha
Shikilia tu kaka. Na mimi nashikilia ngedere wangu mpaka wanijibu.

#46 bint_wa_zamani
Nimesoma #40 mara nyingi sana usiku huu. Yangu ni miaka tisa iliyopita. Bado faili litakuwepo?

#47 Chumba Kimya
Inategemea nchi. Mwongozo wa APA unapendekeza kutunza miaka 7 baada ya huduma ya mwisho kwa mtu mzima, kwa hiyo kwa miaka tisa linaweza kuwa limeshaharibiwa kihalali. Lakini wengi tunatunza zaidi. Omba tu, kuomba faili sio kulalamika na hakuna fomu ya kumruhusu mtu mwingine aingie. Na zile meseji za usiku, unazo?

#48 bint_wa_zamani
Simu ya zamani ipo kwenye droo. Natafuta chaja.